Siku Moja Sokoni, Thika Hadi Ruiru, Bila Noti Mfukoni

Binamu yangu alitua mwezi wa nane na simu iliyojaa picha za chakula. Anaishi Leeds, Uingereza, na kila akipata likizo fupi hupanda ndege ya bei nafuu kwenda mji mwingine wa Ulaya. Mtu mwingine akifika Barcelona ataanza na kanisa au uwanja wa mpira. Yeye huanza na soko. Alinionyesha La Boqueria, lile soko la paa la chuma pembeni mwa barabara ya La Rambla. Akanionyesha Mercado da Ribeira kule Lisbon, ambako tangu 2014 upande mmoja umekuwa ukumbi wa kula na upande mwingine mama mboga wa Kireno bado wanauza samaki na kabichi. Halafu Markthal ya Rotterdam, jengo lililopinda kama nusu ya mkate, watu wanaishi ukutani na darini, na baadhi yao wakifungua pazia wanaona nyanya za watu chini.

"Hapa kwetu mnayo kama hii?" akaniuliza.

Mimi pasipoti yangu haina hata muhuri mmoja, lakini swali liliniuma kidogo. Nikamwambia Jumamosi aamke mapema.

Nilimpa sharti moja: hakuna noti wala sarafu. Kila mtu elfu mbili kwenye simu, basi. Yeye alikuwa ameshasajili laini kwa pasipoti yake na kuweka pesa kwa wakala, kwa hiyo hakuwa na kisingizio. Sharti hilo sikulitoa kwa sababu ya raha tu. Tata yangu, dada mdogo wa mama, anauza viazi na mboga soko la Ruiru, na tangu mwanzo wa mwaka amekuwa akikataa malipo ya simu ikifika saa kumi na moja jioni. Ninafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu. Kila Krismasi nikifika kwake ananiangalia kama mimi ndiye niliyemwibia. Nilitaka kujua tunachoandika kwenye ukurasa huu kinafanana vipi na kinachotokea kwenye meza ya viazi.

Picha utakula?

Tulipanda matatu ya kwenda Thika saa kumi na mbili na nusu. Siku hizi hiyo safari haina hadithi. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi Novemba 2012, unapita Juja ukiwa bado unatafuta earphone. Makanga alitaja namba yake mwenyewe, tukatuma, akasoma jina kwa sauti, akasonga kwa abiria mwingine. Kumbuka hilo la kusoma jina kwa sauti. Tutalirudia.

Madaraka ndilo soko la kuanzia ukitaka kuelewa Thika inakula nini. Asubuhi ni malori na mikokoteni. Ndizi zinashuka kutoka Murang'a kwa mikungu, nyanya za Mwea ziko kwenye makreti, viazi na kabichi za Kinangop zinapangwa kwenye magunia. Wanunuzi wa jumla hawana muda wa kukusalimia. Mtu anabeba gunia mgongoni akipiga kelele "Side! Side!" na usipojisogeza utasogezwa.

Binamu yangu akatoa simu akaanza kupiga picha. Mama mmoja wa maparachichi akamkazia macho. "Picha utakula?"

Nilicheka, lakini yeye akasema jambo ambalo sikulijua. Wauzaji wa La Boqueria walichoka hivyohivyo, wageni wanajaa njia, wanapiga picha, hawanunui hata zabibu. Mwaka wa 2015 jiji la Barcelona likazuia makundi makubwa ya watalii kuingia sokoni humo asubuhi za Ijumaa na Jumamosi, saa ambazo wenyeji wananunua. Basi mama wa Thika na muuza samaki wa Barcelona wana kesi moja. Akanunua maparachichi manne kwa mia moja, na baada ya hapo akaruhusiwa kupiga picha anavyotaka, hata mama mwenyewe akarekebisha kilemba.

Kwa mama huyo kulikuwa na kibao cha Till kimefungwa kwa kamba ya sisal, kimepauka kwa jua. Nambari mbili za mwisho zilikuwa zimeandikwa upya kwa kalamu ya wino. Nilimwomba anisomee nambari kwa mdomo badala ya kuamini kibao, na nikashauri, kwa heshima, abadilishe. Kibao kilichofutika nusu ni shida mbili: mteja mkweli anakosea, na mjanja anaweza kubandika nambari yake juu usijue mpaka jioni. Kila asubuhi ukifungua biashara, kitazame kibao chako kama unavyotazama kufuli.

Nduma, madondo, na kosa la tarakimu moja

Kutoka Madaraka tulienda Jamhuri. Watu wengi wanalijua soko hilo kwa mitumba na mafundi wa cherehani, na ni kweli, unaweza kuingia na suruali ndefu ukatoka nayo imekatwa na kupindwa kabla chai haijapoa. Sisi tulifuata vibanda vya chakula.

Hapa lazima niwe mkweli. Kama unatafuta ukumbi wa kula wa mtindo wa Lisbon, wenye meza ndefu za mbao na taa za kuning'inia, hutaupata Jamhuri. Utapata benchi, mabati, moshi, na sufuria kubwa yenye mfuniko uliozibwa kwa karatasi ya nailoni. Ukifungua unakutana na madondo mekundu yaliyochemka usiku kucha. Tulikula chapati mbili mbili kwa madondo, nduma, chai ya maziwa. Binamu alitaka na githeri. Bili ya watu wawili ilikuwa shilingi 340, na tukashiba mpaka tukanyamaza. Kwa pesa hiyo, aliniambia, Borough Market ya London hupati hata kikombe cha kahawa cha kueleweka.

Alisisitiza alipe yeye. Mama wa hoteli hakuwa na Till, akamtajia namba yake ya simu huku akigeuza chapati. Binamu akaandika haraka. Jina likatokea kwenye skrini. Likawa jina la mwanamume. Akabonyeza tu.

"Bado haijaingia," mama akasema.

Nikachukua simu. Alikuwa ameandika 6 badala ya 9. Shilingi 340 zilikuwa zimeenda kwa bwana ambaye hatumjui, labda yuko Kitale, labda yuko Kwale, na asubuhi yake imeanza vizuri.

Kosa lenyewe halikuwa la vidole, kila mtu hukosea tarakimu. Kosa lilikuwa pale jina lilipotokea naye hakulisoma. Zile sekunde chache kati ya jina na nambari ya siri ndizo nafasi yako ya mwisho ya bure. Makanga wa asubuhi alisoma jina kwa sauti kwa sababu ameshachoma mkono. Fanya hivyo. Muulize muuzaji, "Niandikie nani?" Akisema jina na skrini iseme jina lingine, simama hapo.

Ikishaenda, fuata utaratibu huu. Usimpigie huyo mtu kwanza kumwomba kwa machozi. Chukua ule ujumbe wa kuthibitisha muamala, wenye msimbo wa herufi na tarakimu, utume kwa huduma rasmi ya kurudisha pesa ya mtandao wako mara hiyo hiyo, au upige simu ya huduma kwa wateja. Kama pesa bado imekaa kwenye laini ya aliyepokea, inaweza kuzuiwa wakati jambo linaangaliwa. Akishaitoa kwa wakala au kuitumia, safari inakuwa ndefu na hakuna wa kukuahidi. Ndiyo maana dakika tano za kwanza ni muhimu kuliko hasira zako zote za baadaye. Binamu alituma ujumbe kabla hatujamaliza chai. Pesa ilirudi kesho yake asubuhi. Kwa mama wa hoteli alilipa mara ya pili palepale, na mama akamwuliza kwa upole, "Huko majuu hamfunzwi kusoma?"

Tulipita kwa fundi kuchukua suruali yake, tukanunua nanasi, maana huwezi kutoka Thika bila nanasi, tukaanza kurudi.

Soko moja, mwaka mmoja

Njiani binamu alinisimulia soko la nyumbani kwao, Kirkgate Market ya Leeds. Ukumbi wake mkubwa ni wa 1904. Nikamwambia hapo sasa tumekutana, kwa sababu soko la Darajani kule Zanzibar pia ni la 1904, na watu bado wananunua pweza na iliki humo leo. Kirkgate ina hadithi moja ninayoipenda kama mtu wa masoko. Mwaka wa 1884 mhamiaji aitwaye Michael Marks alifungua meza pale. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo akaondoa mjadala: kila kitu peni moja, usiulize bei. Meza hiyo ndiyo ilikuja kuwa Marks & Spencer. Ukimsikia kijana wa steji ya Ruiru akiimba "Fifty, fifty, kila kitu fifty!" usimdharau.

Na kwa wale mtakaouliza kuhusu Nairobi: ndiyo, ukitaka kuketi ule nyama sokoni, nenda Kenyatta Market, Burma au Kariokor. Unachagua nyama kwa bucha, inapimwa mbele yako, inaenda motoni, inarudi kwenye ubao na kachumbari. Huo ni ukumbi wa kula, hata kama hakuna aliyeuita hivyo kwa Kireno. Jina Kariokor lenyewe, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na kile kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, Carrier Corps. Nairobi itapata siku yake. Leo nilikuwa na miadi na Tata.

Meza ya Tata

Ruiru imekua haraka kuliko sifa yake. Wapenzi wa kahawa wanaijua kwa Ruiru 11, aina ya mbuni iliyotolewa na kituo cha utafiti cha hapa mwaka 1985. Sisi wengine tunaijua kwa foleni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, karibu mara mbili ya Thika yenyewe, iliyokuwa na 251,407. Wengi wao wanafanya kazi Nairobi na kushuka kwenye matatu jioni, wote kwa saa mbili zilezile, wote wanataka sukuma iliyokatwa, nyanya za hamsini na viazi vya mia.

Hapo ndipo Tata anapopata riziki, na hapo ndipo alipopigwa. Mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa Februari. Mwanamume aliyesema ananunulia hoteli yake alichukua gunia dogo la viazi, vitunguu na karoti, jumla shilingi 1,900. Akamwonyesha Tata simu yake: muamala umethibitishwa, jina la Tata liko hapo, kiasi kiko hapo. Watu sita walikuwa wamesimama nyuma yake. Tata akamruhusu. Saa mbili usiku, akihesabu, akakuta pesa hiyo haikuwahi kuingia. Ule ujumbe ulikuwa umeandikwa na mtu, kama mimi ninavyoandika huu.

Ya pili iliuma zaidi kwa sababu pesa iliingia kweli. Shilingi 2,300 zikaja kwenye laini yake, akaona salio, akatoa bidhaa. Mteja alipofika nyumbani akaomba irudishwe, akidai alikosea namba. Tata akapata ujumbe wa kumwarifu kuhusu hilo ombi. Siku hiyo alikuwa kwenye matanga kijijini, akaona ni matangazo kama yale mengine, akafuta. Pesa ikaondoka.

Jumla shilingi 4,200. Siku nzuri Tata anabaki na faida ya mia saba. Fanya hesabu mwenyewe ni siku ngapi za kuamka saa tisa usiku kwenda kuchukua mzigo. Wiki hiyo hakuweza kutoa mchango wa chama, akatozwa faini ya mia mbili, na kusema kweli nadhani faini ndiyo iliyomtia uchungu kuliko yote, kwa sababu ilisomwa mbele ya akina mama wenzake.

Kwa hiyo niliketi kwenye debe lililopinduliwa nikamsikiliza, halafu tukaongea, si kama blogu na msomaji, bali kama yeye na mtoto wa dada yake.

Simu ya mteja si risiti, nikamwambia. Hata kama ni mchungaji wake. Ushahidi ni ujumbe ulioingia kwenye simu yake yeye, kutoka kwa jina la huduma na si kutoka kwa namba ya simu ya kawaida, na juu ya hapo salio limebadilika. Mkia wa watu nyuma ya mteja ni silaha ya mwizi. Anajua utaona aibu kuchelewesha watu.

Akaniambia, "Wewe unaongea vizuri. Mikono yangu saa hiyo ina udongo wa viazi, miwani iko kwa begi."

Hilo sikuwa nalo kwenye slaidi zangu za kazini.

Binamu ndiye aliyesaidia. Akauliza kama kuna mtu anayekaa naye jioni. Kuna mtoto wa jirani wa meza, msichana wa kidato cha pili, hukata sukuma kwa malipo kidogo. Basi, simu ikae kwake, mlio uwekwe juu, na kazi yake iwe kusoma jina na kiasi kwa sauti kabla mfuko haujatoka. Nambari ya siri abaki nayo Tata peke yake, kwa sababu kupokea pesa hakuhitaji nambari ya siri hata kidogo.

Kisha nikaleta habari ya Till. Pesa ya biashara inakaa mbali na pesa ya nyumbani, kwa hiyo jioni hujui kubahatisha ipi ni ya mzigo na ipi ni ile aliyotumiwa na mtoto wake. Mteja halipi ada ya kutuma, hivyo yule wa nyanya za hamsini haoni sababu ya kulalamika. Na mteja akitaka pesa irudishwe, mwenye biashara anaulizwa kwanza. Kwa upande wake kuna ada ndogo kwa mauzo makubwa, sikumficha. Tata akataka kujua ni ngapi kwa elfu moja, akaenda kimya, nikajua anapiga hesabu ya mwezi mzima.

"Na wakiniuliza kama nakubali irudishwe nikiwa matanga?"

"Ukipata ujumbe wa kurudisha pesa, usifute. Nipigie. Hata usiku."

"Na yule anayepiga simu kusema ametuma kwa makosa, nimrudishie?"

Swali zuri, na ni mtego wa kila wiki. Usimtumie wewe mwenyewe, nikamwambia, hata akilia. Angalia salio kwanza, mara nyingi hakuna kilichoingia. Kama kweli kimeingia, mwambie afuate huduma rasmi ya kurudisha, wewe huna shida. Ukimtumia kwa mkono wako halafu naye akaomba irudishwe, umelipa mara mbili.

"Till nitafikiria," akasema, na kwa Tata hilo ni neno lenye maana kadhaa.

Saa kumi na moja ilipita. Mteja wa kwanza kutaka kulipa kwa simu alikuwa kijana wa kazi ya mjengo, viazi na vitunguu, shilingi 180. Tata alimtazama, akatutazama sisi, akataja namba. Simu ikalia mikononi mwa yule msichana wa sukuma. "Mia moja themanini," akasoma, na jina la kwanza la kijana. Kijana akaitika kama yuko darasani. Mfuko ukatoka. Baada yake walilipa kwa simu wengine wanane au tisa. Mmoja alionyesha skrini yake, akaambiwa angojee, akangoja, ikaingia, hakuna aliyekasirika.

Tulipoaga, Tata alitufungia sukuma, vitunguu na nusu ya ndizi zake mwenyewe, akakataa malipo kabisa. Tulikuwa tumefika steji binamu alipotoa simu, akaandika namba taratibu, akanisomea jina lote la Tata, majina matatu, kama anayeapa mahakamani, halafu akatuma mia tano.

Simu yangu ikaita kabla matatu haijajaa.

"Kairitu, kuna mtu ametuma mia tano na jina silijui. Ni ya wizi ama?"

"Umeangalia salio, Tata?"

"Ngoja," akasema. Nikasikia anaomba apewe miwani.